Narudi kuangalia meko mpaka mzee amechoka na mimi

Senje habari ya siku nyingi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Kisumu huku Mamboleo, nauza mitumba ya watoto pale Kibuye na mzee wangu anaendesha tuktuk. Huwa nasoma majibu yako nikicheka shida za wenyewe, sasa leo zamu ni yangu, tafadhali usinicheke sana.

Shida yenyewe ni hii. Asubuhi nikimaliza kupika chai nazima meko, hii ya gesi ya 6kg ya kawaida. Nazima naona moto umeisha, naenda. Nikifika mlangoni roho inaniambia haujazima. Narudi naangalia, imezimwa, nazungusha tena ile swichi mpaka kidole kinauma, natoka. Nafunga kufuli, navuta mara tatu, na lazima iwe tatu, nikivuta mbili nasikia vibaya na nikipitisha nne inabidi nimalizie mpaka sita. Nikifika geti nimesahau kama nilivuta. Mzee ako kwa tuktuk injini inanguruma, anapiga honi, majirani wanachungulia kwa madirisha, na mimi huyo narudi.

Kuna siku tulifika mpaka Kondele nikamwambia anishushe, nikachukua boda kurudi kuangalia pasi. Na Senje hiyo siku stima ilikuwa imepotea tangu usiku. Pasi ingewaka na nini? Nilijua kabisa stima haiko, hata huyo wa boda nilimwambia stima haiko, lakini nilirudi tu.

Kuna na zingine ndogo ndogo. Volyumu ya TV lazima ikae kwa 12 ama 14, 13 siwezi, nitaamka kitandani nikairekebishe. Noti kwa kibeti lazima zote ile picha ya jengo la KICC iwe imesimama, mteja akinilipa napanga kwanza ndio nimpe chenji, wengine wanadhani naangalia kama ni feki. Nikitoka kwa nyumba lazima mguu wa kulia utangulie kuruka mtaro.

Mama mkwe alikuja kututembelea akaniangalia siku mbili tatu akasema hii si ya kawaida, kuna mtu amenichezea, na anajua nabii mmoja ako na mafuta ya kupaka kwa mlango, 3,000. Mzee naye anasema ni kichwa tu. Juzi alinichoma sana, alisema mbele ya abiria ati huyu nitampeleka kwa daktari wa wenda wazimu. Na yeye! Yeye ni Ingwe damu, AFC Leopards ikicheza anavaa jezi moja haijaguswa na maji tangu msimu uanze, ati ikioshwa watafungwa, na siku ya Mashemeji Derby, wakicheza na Gor Mahia, penalti ikipigwa hawezi kaa kwa nyumba, anatoka anasimama kando ya tangi la maji mpaka asikie kelele. Lakini mwenda wazimu ni mimi.

Kilichonifanya niandike ni msichana wangu wa miaka saba. Nilifunga kufuli nikavuta zangu tatu, nikageuka, nikamwona na yeye anaivuta, moja, mbili, tatu, halafu ananiuliza, "Mama sasa nyumba haiwezi chomeka?" Hapo nikaogopa. Nisisahau kukuambia hiyo kufuli ni ya zamani, tulihama nayo, wakati mwingine inaingia bila kulia na ukiivuta inatoka.

Sasa niambie. Mimi ni mgonjwa? Hii kitu huisha? Na mtoto nimwambie nini?

Mama Kurudi, Mamboleo

SENJE ANAJIBU

Mama Kurudi mwanangu, hapo kwa pasi na stima nimecheka, nisamehe, lakini ulisema nisicheke sana na mimi nimecheka kiasi.

Wewe si mwenda wazimu. Ukitaka kujua angalia tu watu wazima wenye akili zao wanavyoishi. Betri ya rimoti ikianza kuisha tunafinya kwa nguvu zaidi, kama betri inasikia uchungu. Mtu anaingia lifti, kitufe kimeshawaka, mwenzake amefinya akiona, na bado atanyoosha mkono afinye tena. Mtu anafungua friji anaona sukuma wiki na maziwa, anafunga, baada ya dakika chache anaifungua tena kama kuna mtu ameingiza kuku hapo katikati. Kwa meza ya pool mpira ukienda kombo mchezaji anapinda kiuno ili ufuate. Na nawajua walimu wenye digrii zao huku Kakamega hawawezi fagia nyumba usiku wakatoa takataka nje, ukiwauliza kwa nini wanacheka, halafu ufagio unabaki kwa kona mpaka asubuhi.

Moja tu ndio sitaki kuiona, ile ya kulaza mtungi wa gesi ukikaribia kuisha ati yale mabaki yatoke. Ndani ya mtungi gesi imekaa kama maji, ukiulaza hayo maji ndio yanakimbilia kwa moto, na hapo mwenye nyumba yake ichomeke hatakuwa wewe, atakuwa jirani yako anayejiona timamu.

Sasa nijibu swali lako la ugonjwa. Ugonjwa wa aina hii uko, madaktari wanauita OCD, na wana njia ya kuupima ambayo haihitaji nabii. Wanauliza, hii mambo ya kurudi na kuhesabu inakula zaidi ya saa moja kwa siku? Inakuzuia kufanya kazi, ama inakutesa mpaka hauna amani? Kwa hivyo chukua wiki moja uandike, kila ukirudi umetumia dakika ngapi, weka na ile ya Kondele kama itajirudia. Mimi nikisoma barua yako naona dakika kumi, kumi na tano, na aibu nyingi. Lakini mimi siko kwa nyumba yako, ukihesabu uone imefika saa nzima, ama uone umeanza kufungua biashara jua likiwa juu, nenda Russia, ile hospitali kubwa ya Jaramogi hapo Kisumu, uombe kliniki ya afya ya akili. Utaongea na mtu kama unavyoongea na mimi hapa. Iko na matibabu na watu wanapona, na kuenda huko hakukufanyi yule mzee wako anavyosema mbele ya abiria.

Kabla hatujaenda mbali, kufuli. Umeiweka mwishoni kabisa mwa barua kama kitu kidogo, na mimi naona ndio mwanzo. Kufuli inayoingia bila kulia na ukiivuta inatoka lazima ivutwe! Hata mimi ningeivuta. Ulianza na sababu nzuri kabisa, baadaye sababu ikakaa pale na ile tatu ikamea juu yake, sasa hata ungepewa mlango wa benki ungeuvuta mara tatu. Nunua kufuli mpya wiki hii, ile ambayo ikifunga unasikia. Najua biashara imekuwa ngumu lakini hiyo usiahirishe.

Sasa meko, na hapa nataka usome polepole kwa sababu ni kinyume na vile unafikiria. Wewe unafikiria unarudi kwa sababu haukumbuki. Kule Uholanzi kuna watafiti wawili, Marcel van den Hout na Merel Kindt, 2003 walitoa utafiti wao wa jiko la gesi. Jiko lenyewe lilikuwa la kuchorwa kwa kompyuta. Watu wasio na shida yoyote wakaambiwa wawashe, wazime, waangalie kama wamezima, tena na tena na tena. Wengine wakapewa kuangalia balbu za taa badala ya jiko. Mwishoni wote wakarudishwa kwa jiko mara moja, halafu wakaulizwa, ile mara ya mwisho ya jiko unakumbuka aje? Kwa kukumbuka ukweli wenyewe, wale wa kurudia jiko hawakuwa wabaya kuliko wengine. Lakini wao wakasema picha kichwani imefifia, hawaoni vizuri, na hawaamini wanachokumbuka. Umeona hapo? Kurudi kuangalia ndiko kunaondoa imani. Unarudi ili uwe na uhakika, na kila ukirudi uhakika unapungua kidogo, kwa hivyo kesho utarudi mara nyingine zaidi.

Na ni jambo la kawaida ukifikiria kazi yako. Ukifungua mzigo ukakuta fulana nyeupe za watoto mia, zote nyeupe, halafu jioni nikuulize ile ya thelathini ilikuwa na doa wapi, utaniambia nini? Asubuhi zako za kuzima meko zimekuwa hivyo. Ya leo, ya jana, ile ya kwanza na ile ya kurudi, zote rangi moja, huwezi toa ya leo ukaishika.

Dawa basi ni kuzima mara moja tu, lakini hiyo mara moja uizime vizuri. Wajapani wako na kitu wanafanya kwa reli zao. Dereva wa treni akiona taa ananyoosha kidole, anataja kwa sauti ni rangi gani, hata akiwa peke yake kwa chumba chake cha kuendeshea, anaongea na taa. Mgeni akiona anadhani huyu ameharibika, lakini taasisi yao ya utafiti wa reli 1994 ilipima wakakuta kwa kazi ndogo ndogo makosa yanashuka kutoka karibu 2.4 kwa kila mara mia mpaka karibu 0.4. Mkono, jicho, mdomo na sikio vyote vimefanya kazi pamoja, kwa hivyo akili haikupita hapo ikiwaza school fees.

Wewe utafanya hivi. Zima meko, nyoosha kidole, sema kwa sauti, "Gesi imezimwa, leo ni Jumanne, nimepika uji." Kesho utasema Jumatano na chai ya maziwa, ama umevaa leso ya bluu, ama mtoto amelia kwa sababu ya soksi. Hiyo ya mwisho ndio muhimu, weka kitu cha leo ambacho jana hakikuwa, ndio ukifika geti roho ikikuuliza uwe na jibu, nilizima, ilikuwa ile ya soksi. Pasi nayo ichomoe uiweke juu ya meza mahali unapita ukitoka, uinyooshee kidole pia. Kufuli mpya sikia ikilia, ivute mara moja, sema imeshika, geuka.

Halafu ndio ngumu inakuja. Ukifika kwa tuktuk utasikia vibaya. Kifua kitabana, utaona moshi kwa akili, utaona watu wa Mamboleo wamebeba ndoo za maji. Usirudi. Usimpigie jirani akuangalilie. Na usipige picha ya meko na simu, najua kuna mtu atakushauri hivyo na inaonekana ni akili nzuri, lakini nakuambia utafika Kondele uifungue, uivute kubwa, uanze kujiuliza kama ni ya leo ama ya jana. Kaa na hiyo hofu hivyo hivyo. Itapanda, utadhani haitaisha, halafu itashuka yenyewe kabla belo la kwanza halijafunguliwa. Hii ndiyo njia madaktari wanatumia kwa hata wale walio na shida kubwa kuliko yako, wanamzoesha mtu kukaa na wasiwasi bila kufanya kile kitu, mpaka mwili ujue hakuna kilichotokea. Siku za kwanza ni mbaya. Kuna siku utashindwa urudi, sawa, kesho endelea, usianze kujitukana.

Na ujue hii ikusaidie. Gesi ya kupikia yenyewe karibu haina harufu, ule uvundo unausikia umewekwa makusudi ili ikivuja ujue mapema. Kwa hivyo kama umezima, moto haupo na hakuna harufu, meko imekuambia kila kitu inajua. Siku ukisikia harufu hapo ndio urudi mbio, fungua mlango na madirisha, usiguse swichi ya taa, na kumbuka hiyo gesi ni nzito kuliko hewa inatambaa chini sakafuni.

Hizo zingine, volyumu na noti na mtaro, wachana nazo. Kumi na nne ni volyumu nzuri tu. Noti za KICC iliyosimama ni keshia gani atakataa? Na huo mguu wa kulia, mradi hautumbukii kwa mtaro ukitafuta wa kulia, ruka na wa kulia. Mtu hawezi toa vitu vyote kwa maisha yake ati kwa sababu havina maana.

Mzee wako sasa. 1948 huko Marekani kulikuwa na mwanasaikolojia anaitwa B. F. Skinner, alichukua njiwa wenye njaa akawaweka kila mmoja kwa kizimba chake, chakula kikawa kinakuja chenyewe kila sekunde 15, njiwa afanye kitu asifanye. Baada ya muda njiwa mmoja akawa anazunguka kwa duara akingoja, mwingine anasukuma kichwa kwa kona ya juu. Kila mmoja alikuwa anafanya kitu fulani chakula kilipokuja, akashikilia hiyo hiyo. Huyo anayesukuma kichwa kwa kona ndiye anasimama kando ya tangi la maji penalti ikipigwa. Ingwe ilichukua ligi 1998, halafu ikapita zaidi ya miaka ishirini bila ligi nyingine, hebu fikiria jezi ngapi zilikaa bila kuoshwa huo wakati wote na hazikusaidia.

Lakini usimpelekee hii hadithi ya njiwa asubuhi akipiga honi. Mnajuana, hapo itakuwa vita. Ngoja usiku amekula, ameshahesabu pesa ya tuktuk, mwambie hiyo maneno ya mbele ya abiria iliniuma, usiirudie. Mwambie unajaribu kuacha na unataka asaidie kwa vitu viwili tu. Honi aache, kwa sababu mtu akiharakishwa anafanya kitu bila kukiona na lazima atarudi. Na ukimuuliza "baba, uliona nikizima?" asijibu niliona wala sikuona, aseme tu "ushasema na kidole, twende." Akianza kukujibu kila asubuhi atakuwa yeye ndiye kufuli unayovuta. Na wewe baba watoto kama umesomewa hii, mke wako anaamka kabla yako akijaribu nyumba yako isichomeke, mheshimu mbele ya watu, na hiyo jezi inanuka.

Mtoto wa miaka saba kuvuta kufuli mara tatu isikutishe sana. Watoto wanaruka mistari ya simenti, wanataka kikombe kimoja tu, hawalali kama hadithi haijarudiwa vile vile, na kwa wengi inapita. Kitu sitaki abaki nacho ni lile swali lake, kwamba nyumba inasimama kwa sababu yeye amevuta. Huo ni mzigo wa mtu mzima. Mwambie wazi, kufuli inavutwa mara moja kuona kama imeshika, nyumba haichomeki kwa sababu ya kufuli, na kuzima gesi ni kazi ya mama. Akivuta ya pili usimgombeze na usimpige, mshike mkono mtembee mkiongea mambo ya shule. Atakuangalia wewe zaidi ya vile atakusikia, kwa hivyo siku ukifunga mara moja ukaenda bila kugeuka, hata kama tumbo linauma, yeye ataona mama ameenda.

Imebaki mama mkwe. Usimkatalie kwa ukali, huyo anakupenda kwa njia yake, wangapi wana mama mkwe anayeogopa kwamba wamechezewa? Mpikie chai, mwambie, "Mama asante, nimeshaona shida ilikuwa wapi, tumeanza na kufuli kwanza." Akisisitiza na ile 3,000, muonyeshe bei ya kufuli nzuri pale mjini na chenji itakayobaki.